Mistari Miwili ya Brdonja

22 Septemba 1931

Tumefika Brdonja alasiri, mimi na baba mkwe na punda wa chokaa. Baba mkwe ni Bastijan, fundi wa lipu, miaka sitini na saba. Huu ni mwaka wa tatu tunazunguka naye vijiji vya Istria, yeye akipiga lipu, mimi nikichanganya na kumpandishia ndoo. Hiyo ilikuwa kazi ya mume wangu, Zvane. Zvane wamempeleka kisiwani kule kusini, miaka mitano, kwa kosa la kukusanya watoto ghalani na kuwafundisha kusoma kwa lugha yetu, ambayo serikali ya Kiitaliano imeipiga marufuku. Ombi lake la msamaha liko mezani kwa wakubwa tangu Pasaka.

Daftari hili ni lake, halikuwa limeandikwa hata neno. Naandika ili akirudi asiniulize nilikuwa naishi vipi nikabaki kutazama miguu yangu.

Kazi ya hapa ni kanisa dogo la Mtakatifu Helena, nje ya kijiji, katikati ya makaburi. Tubandue lipu yote ya ndani iliyooza kwa unyevu, tupige mpya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, maana kuna wageni wakubwa watakuja kutoka mjini. Mtunza kanisa ni mzee Jakov Črnja, mwembamba, masharubu ya njano kwa tumbaku. Ametupa nafasi ya kulala juu ya zizi lake. Salamu yake ilikuwa hii: "Chokaa ikidondoka sakafuni, mtailamba."

25 Septemba

Kubandua. Vumbi hadi kwenye meno.

27 Septemba

Jumapili. Uyoga mwingi msituni mwaka huu. Nimeupika na ugali wa mahindi. Baba mkwe amekula kimya, na kwake hiyo ndiyo sifa.

30 Septemba

Leo ukutani, upande wa kushoto wa altare, lipu ilitoka yenyewe kipande kizima kama ganda la yai. Chini yake kuna lipu nyingine, ya zamani sana, laini, rangi ya maziwa yaliyolala. Na juu yake kuna alama zilizokwaruzwa kwa msumari au ncha ya kisu, mistari tisa, kila mmoja mrefu kama mikono yangu nikiinyoosha.

Sijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Si herufi za shule, wala si za misale ya Kilatini. Nyingine ni kama kitana, nyingine kama ufunguo, nyingine ni visanduku viwili vilivyosimama kwenye miguu. Zimepangwa sawasawa, kwa mkono usiotetemeka. Nilishuka jukwaani nikamwita baba mkwe. Akaja na mwiko mkononi, akatazama, akafanya ishara ya msalaba.

"Ni alama za mafundi?" nikamuuliza.

"Fundi huweka alama moja, mwanangu. Huyu alikuwa na jambo la kusema."

"Au ni uchawi."

"Ndani ya kanisa?" akasema, lakini hakuugusa ukuta.

Mzee Jakov akaingia kupima mafuta ya taa kama kila siku. Alipoona, alisimama pale muda mrefu mpaka nikadhani ameugua. Kisha akaenda kwenye ghala la mbao, akarudi na magunia mawili, akayapigilia misumari juu ya alama zile.

"Huu ukuta mtaumaliza mwisho," akasema. "Anzeni ule wa mlangoni. Na msiseme kijijini."

Mtu anayeficha kitu upesi namna ile ana mahali pa kukipeleka. Simpendi.

1 Oktoba

Mvua.

2 Oktoba

Mvua. Chokaa haikauki.

5 Oktoba

Mvua. Karani wa manispaa alipita na gari lake la farasi, akasimama mbele ya nyumba ya Jakov, wakazungumza mlangoni. Karani huyu kazaliwa bonde la pili kutoka hapa. Zamani aliitwa kwa jina la babu yake, sasa ana jina jipya la Kiitaliano na buti za ngozi. Jakov akapanda gari, wakaenda naye mjini.

Nimemwambia baba mkwe, "Ameenda kutuuza."

"Ameenda kununua mishumaa."

"Umejuaje?"

"Sijui. Ila nimechoka kuogopa kila mtu anayepanda gari."

Tangu wamchukue Zvane, sijamsikia mwanamume huyu akisema anaogopa. Nilidhani mimi ndiye mwoga wa familia.

6 Oktoba

Amerudi na mishumaa. Hiyo haimaanishi kitu.

11 Oktoba

Baada ya chakula cha mchana nilikumbuka mwiko mdogo nilioacha jukwaani, nikaukimbilia kabla haujashika kutu. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi kidogo. Magunia yalikuwa chini. Mzee Jakov alikuwa amepiga magoti kwenye benchi mbele ya ukuta, kitambaa chenye maji mkononi, akifuata mstari kwa kidole, na alikuwa anasoma. Si kuomba. Anasoma, kwa sauti ya mtoto anayejifunza, neno, kimya, neno. Na maneno yenyewe nilikuwa nayaelewa.

Yalikuwa ya kizamani, kama alivyokuwa akisema bibi yangu, na mengine kizamani kuliko bibi. Lakini yalikuwa yetu. "Mjane." "Na mama yake." "Alikufa."

Niligonga ndoo kwa mguu. Akageuka.

"Funga mlango, binti," akasema. "Unaingiza upepo."

Nikafunga. Nikamuuliza zile ni nini.

"Ni herufi zetu. Za kwanza, kabla hatujaazima hizi za Walatini. Kwa hizi babu zetu waliandika misa, wosia na mipaka ya mashamba. Nilipokuwa mtumishi wa altare, padri mzee alikuwa na kitabu kimoja, akanifundisha mimi na dada yangu Mare. Misa yake alisoma kwa lugha yetu, hata mbwa mlangoni angeielewa. Halafu ikaja serikali hii. Kitabu kilichomwa uwanjani pamoja na vya shule. Padri alikufa mwaka uleule."

"Na dada yako?"

"Mwaka juzi." Akakamua kitambaa. "Baada ya Mare nilijua kwamba katika kijiji hiki nimebaki mimi. Unadhani nilificha ukuta kwa ajili ya nani? Nilidhani wewe na mkweo mtakimbilia kwa karani."

"Mimi nilidhani wewe."

Hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikaona haya, maana nilikuwa nimemchukia kwa moyo wote siku kumi na moja.

12 Oktoba

Nimemwomba anifundishe. Alisema, "Zvane wako yuko kisiwani kwa kosa hilohilo." Nikasema najua.

Ameandika kwa mkaa juu ya ubao wa jukwaa. Kila herufi ina jina, na majina yakifuatana yanasema kitu. Az, buki, vidi, glagolje. Mimi, herufi, najua, nasema. Nimezirudia nikichanganya chokaa mpaka mkono ukafuata mdundo. Ya kwanza ni msalaba. Vidi na ya tano, dobro, ni kama mtu na kivuli chake kwenye maji, moja imepinduliwa. Nimezikosea siku nzima.

Mvua bado.

15 Oktoba

Ukuta wa mlangoni umekwisha. Herufi kumi na nne.

19 Oktoba

Nimesoma mstari wa kwanza peke yangu. Nimetumia saa nzima, Jakov amekaa nyuma yangu na kiko kisicho na moto, hakunisaidia. Unasema hivi:

"Haya niliandika mimi Barić, fundi wa chokaa, Mungu anihurumie, nilipobaki peke yangu baada ya tauni. Nawaandika waliokufa Brdonja, kwa kuwa padri naye amekufa na hakuna wa kuwaandika."

Basi ukuta ni orodha ya marehemu. Alikuwa fundi kama sisi. Alikuja kupiga lipu kanisa hilihili.

Nilimsimulia baba mkwe jioni tukila maharagwe. Akasikiliza, akapangusa bakuli kwa mkate. "Usimsimulie mtu mwingine," akasema. Yeye hajui kusoma herufi zozote, hata za kwenye kibao cha bei. Nilitaka afurahi. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikia mlango ukifunguliwa chini.

22 Oktoba

Barua kutoka kwa Zvane, wino mweusi wa wakaguzi juu ya nusu yake. Iliyobaki inasema ombi lake limeshushwa kwa wakubwa wa huku, watauliza tabia ya familia. "Kaeni vizuri," ameandika.

Nimefika mstari wa sita na Jakov. Gržina mjane. Martin mwashi na mama yake. Watoto wanne wa Kirin, "wote siku moja". Tukisoma jina, Jakov hulipangusa kwa kitambaa kabla ya kwenda lingine.

26 Oktoba

Karani amekuja. Hakubisha. Aliingia na mwavuli unaodondosha maji, akaenda moja kwa moja kwenye magunia, akayainua kwa ncha ya mwavuli. Sijui nani alimwambia. Pengine hakuna aliyemwambia. Ukuta mmoja wenye magunia ndani ya kanisa linalopigwa lipu unaonekana.

Alizungumza Kiitaliano, kwa upole, kama daktari.

"Hii mikwaruzo haina faida kwa mtu. Wageni wakija, sitaki waulize ni lugha gani. Ipigwe nyundo hadi kwenye jiwe, kisha lipu. Jumamosi nakuja kuangalia kabla hamjafunika." Akageuka kwangu. "Mama, mume wako anaendeleaje? Faili lake limefika kwangu juzi. Ningependa sana kuandika mambo mazuri."

Baba mkwe alisema, "Itafanyika, bwana."

Alivyosema tu, nikamwona amezeeka.

27 Oktoba

Hatusemezani. Mvua.

28 Oktoba

Mchana, chini ya paa la zizi, nilimwambia kwamba labda tunaweza kufunika bila kupiga nyundo.

"Lipu mpya juu ya lipu laini haishiki. Itadondoka."

"Najua. Idondoke siku moja, wakiwa hawapo."

"Atakuja Jumamosi kuona jiwe."

"Baba, ni majina ya watu."

"Na mimi nina jina moja." Alikuwa anakaza mpini wa nyundo kwa kipande cha ngozi, hakuinua macho. "Sikiliza, Fume. Mwanangu yuko kisiwani, anakula supu ya maji. Wale wa ukutani wamekwisha kufa. Usinifanye nichague mbele yako, maana nimekwisha kuchagua."

Ningekuwa na uhakika kwamba nyundo itamrudisha Zvane, sijui kama nisingeishika mwenyewe. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

29 Oktoba

Niliamka kulipopambazuka, nafasi yake juu ya nyasi ilikuwa baridi. Kabla sijafika kwenye geti la makaburi nilisikia nyundo. Inajulikana nyundo ya baba mkwe: mapigo matatu, pumzi, mapigo matatu.

Alikuwa amepiga goti, ameanzia chini, kama tunavyofanya siku zote. Mstari wa tisa ulikuwa umekwisha, mweupe wote kama unga. Wa nane ulikuwa unakwisha. Mzee Jakov alikuwa amekaa benchi la kwanza, mikono juu ya magoti.

"Kwa nini humzuii?" nikamwambia.

"Ana mtoto kifungoni," akasema. "Mimi sina mtoto. Nitamwambia nini?"

Sikumshika baba mkwe mkono. Sikupiga kelele. Nilisimama nyuma yake na, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaanza kusoma mstari wa saba, uliokuwa juu tu ya nyundo yake. Hatukuwa tumeufikia na Jakov. Niliusoma vibaya, nikikwama, nikirudia.

"Na Grgur... mwanangu. Miaka kumi na... miwili. Alikuwa akinichanganyia chokaa. Nimemlaza chini ya dirisha. Mikono yake ilikuwa na..." Hapo nilikwama. Herufi ilikuwa imeliwa na unyevu.

"Mipasuko," Jakov akasema kutoka kwenye benchi. "Mikono yake ilikuwa na mipasuko ya chokaa."

Nyundo ilikuwa imesimama hewani. Baba mkwe aliishusha polepole, akaiweka sakafuni kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ameandika hivyo?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Kwa maneno hayo? Si wewe unayatafsiri?"

"Ndiyo maneno yake. Umeyasikia mwenyewe."

"Nimesikia." Akatazama mikono yake, kisha ukuta. "Nilidhani ni watu wengine. Wageni wa zamani. Huyu anasema kama mimi."

Akakaa chini kwenye unga ule alioufanya. Jakov alimletea maji. Hakunywa. Alikaa hivyo mpaka kengele ya saa mbili, kisha akainuka akisema anahitaji udongo wa mfinyanzi, ndoo nne, na jivu jeupe, na kwamba mimi niende mtoni kabla maji hayajapanda.

30 Oktoba

Nieleze sawasawa, ili Zvane aelewe kazi ya baba yake.

Amepaka mistari saba ile kwa udongo laini uliochanganywa na jivu, unene wa kidole, kwa upole kuliko anavyopaka chochote. Udongo hauumi lipu ya zamani. Siku ukilowa utaachia. Juu ya udongo ametupia vumbi la jiwe alilotwanga mwenyewe. Kisha amechukua nyundo ndogo akaugongagonga udongo huo kila mahali, vishimo vishimo, mpaka ukuta mzima ukafanana na ile mistari miwili ya chini iliyouawa kweli. Kutoka hatua tatu, mimi mwenyewe nisingejua.

Kutoka hatua moja, ningejua.

31 Oktoba

Karani alikuja saa nne asubuhi. Baba mkwe alikuwa ameweka beseni la chokaa mbichi mbele ya ukuta, makusudi, na buti zile ni za ngozi nzuri. Alisimama hatua tatu.

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha, bwana," baba mkwe akasema. Maisha yake yote hajawahi kudanganya kuhusu kazi. Masikio yalikuwa mekundu.

Karani alimtazama, akamtazama, kisha akamgeukia Jakov. "Wewe ni mtu wa kanisa. Weka mkono kwenye altare, uniambie kwamba maandishi yale yameondolewa hadi kwenye jiwe."

Jakov alivua kofia, akapanda ngazi mbili, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha altare alichokifua yeye mwenyewe kila Jumamosi kwa miaka arobaini.

"Yameondolewa hadi kwenye jiwe," akasema. "Naapa."

Karani akafunga mwavuli. "Pigeni lipu."

Alipoondoka hakuna aliyefurahi. Jakov alibaki pale pale, mkono juu ya altare. Nilitaka kumwambia kitu. Baba mkwe alinishika kiwiko, akanitoa nje.

2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Kijiji kizima makaburini na mishumaa. Jakov aliwasha mmoja ndani ya kanisa, chini ya dirisha, mahali ambapo hakuna kaburi. Walimuuliza ni wa nani. Akasema ni wa ziada.

7 Novemba

Lipu imekauka. Ukuta ni mweupe kama shuka. Ni kazi mbovu kuliko zote alizowahi kufanya Bastijan, na hakuna anayeijua.

11 Novemba

Wageni wakubwa wamekuja, wamesifu weupe, wamekula nyama. Kwenye misa, watu walipokwenda kukomunika, Jakov alibaki amesimama nyuma karibu na mlango. Wanawake waligeuka kumtazama. Padri mpya ni mtu wa karani. Jakov hawezi kumwungamia kiapo kile bila kuufichua ukuta. Na bila kuungama hatakaribia altare. Nilihesabu muda niliomjua: mwezi mmoja na nusu, na nilikuwa nimemwita mwuza watu.

Nilimwambia nje, "Mzee Jakov, Mungu anajua."

"Anajua," akasema. "Ila mimi nilikuwa nimezoea kumwambia mwenyewe."

13 Novemba

Tumeondoka Brdonja. Jakov amempa punda tufaha.

24 Novemba

Tuko Zrinščak, siku moja ya mwendo, tunapiga lipu stoo ya mvinyo. Barua ya serikali imetufikia. Ombi la Zvane limekataliwa. "Hakuna sababu za kutosha." Imesainiwa tarehe 20 Oktoba, siku sita kabla karani hajaja na mwavuli wake kuniambia angependa kuandika mambo mazuri.

Nilimsomea baba mkwe mara mbili. Aliuliza tarehe. Nikaisoma tena. Akachukua mwiko akafanya kazi mpaka mchana bila kusimama, ukuta mzima, laini kama kioo.

27 Novemba

Theluji ya kwanza. Asubuhi baba mkwe alisema anakwenda Brdonja. Nilimwambia ni wazimu, miguu yake imevimba. Akasema niangalie chokaa isigande. Kwa nini aende hakusema. Alichukua mkate na akaenda, bila punda.

28 Novemba

Amerudi alasiri. Nilimwona mbali barabarani, kofia nyeupe kwa theluji, na midomo ilikuwa inatembea. Nilidhani anaomba au ana homa. Nilipomkimbilia alininyooshea kiganja nisiseme kitu, akanipita, akaingia ndani, akakaa mezani akiwa na koti lake.

"Leta daftari," akasema. "Upesi, kabla sijapoteza."

Alikuwa amekwenda kumuuliza Jakov mistari miwili ya chini ilisemaje. Jakov alikuwa ameisoma yote siku za mwanzo, kabla hajanifundisha, na anaikumbuka. Walikaa jikoni usiku mzima, Jakov akisema, baba mkwe akirudia, mpaka akaishika. Kisha ametembea siku nzima akiirudia kwa sauti, kwa kuwa hajui kuandika.

Nikafungua ukurasa. Alifumba macho, akasema taratibu, na nikaandika kwa herufi za Barić, kisha chini yake kwa hizi za shule:

"Ulika, binti wa Šimun mfua chuma, na mtoto wake wa siku tatu, hakuwa amepewa jina.

Mohor mchungaji, wa mwisho kufa. Hakukuwa na mtu wa kunisaidia kumbeba, nikambeba."

"Soma," akasema.

Nikasoma. Akavua kofia, theluji ikamwagika mezani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nimwonyeshe Mohor ni lipi kati ya maneno yale. Nikamwekea kidole chake juu yake. Akakiacha pale.